Angela Brazil wa vitabu vya shule za wasichana ni nani? Mwanangu kazama hatoki

MamaNasra

Hamjambo humu. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya vitabu, maana mie hadithi niliachia zamani sana, nikaingia masomo ya biashara afu maisha, basi. Ni hivi, binti yangu yupo form two, likizo hii shangazi yake kamchukua wakaenda mjini, wakapita kwa mzee mmoja anatandaza vitabu vya mtumba chini upande wa soko la Mgandini hapa Tanga, mtoto akaokota kitabu cha kijani kimefifia, herufi za dhahabu mgongoni zimelika nusu, ukifungua jalada kwa ndani kuna karatasi imebandikwa inaonesha kilitolewa zawadi kwa mwanafunzi fulani ila jina limefutwa kwa wino mweusi tii. Kinaitwa The Nicest Girl in the School, mwandishi Angela Brazil. Buku mbili tu, nikasema poa, bora hicho kuliko kulala na simu.

Sasa toka siku hiyo hashikiki jamani. Umtume dukani anakwenda anasoma, maharage yameungua yeye yupo pembeni ya jiko hapo hapo na harufu haisikii. Jana nakuna nazi kanijia, eti mama, nyie bwenini mwenzenu akifanya kosa mlikuwa mnamficha au mnamsema kwa mwalimu? Nikamwambia mwanangu sisi tulikuwa tunasemana kwa matroni kwa kipande cha sabuni. Kaniangalia kama mtu mbaya kweli.

Ninachotaka kujua, huyu mama alikuwa nani? Shangazi mtu kaniambia ameandika vitabu karibu 50 na vyote ni wasichana na shule, mtu anaandikaje kitu kimoja mara 50 jamani? Na je vina ubaya wowote? Baba Nasra anasema vitabu vya wakoloni hivyo vitamjaza mtoto upepo, akirudi shule aanze kudai chai na biskuti saa kumi. Mie naona Kiingereza chake kinapanda na mwaka huu ana mtihani wa taifa, kwaiyo nipo njia panda.

Chuda_Boy

Brazil? Huyo si anacheza winga ya kushoto 😂😂

MwalimuMstaafu_Raskazone

Mama Nasra salaam. Nimefundisha Kiingereza sekondari za mkoa huu mpaka nikastaafu, na huyu mama vitabu vyake nimevikuta kwenye makabati ya shule zaidi ya moja, vimeliwa na mende lakini vipo.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1868, mji wa Preston, kaskazini magharibi mwa Uingereza, kwenye viwanda vya pamba, na baba yake alikuwa meneja wa kiwanda. Hilo jina Brazil ni la ukoo wa baba, ila cha kuchekesha ni kwamba mama yake alitokea Rio de Janeiro, kwa hiyo ukoo na nchi vimegongana tu. Angela alisoma Manchester, baadae akasomea uchoraji London na dada yake Amy. Hakuolewa. Mwaka 1911 walihamia mji wa Coventry kwa kaka yao Walter aliyekuwa daktari, wakaishi wote pamoja, na hapo ndipo alipokufa Machi 1947.

Kuandika alianza mtoto, akiwa na miaka kama 10 yeye na rafiki yake Leila Langdale walikuwa wanatengeneza gazeti lao la mkono wakiiga gazeti la watoto lililoitwa Little Folks, lakini kitabu chake cha kwanza cha shule, The Fortunes of Philippa, kimetoka 1906 na mwenyewe ana miaka 37. Habari yenyewe kaichukua kwa mama yake, msichana anatolewa Amerika ya Kusini kwenye jua analetwa shule ya Uingereza kwenye baridi na watu asiowajua. Kuanzia hapo hakusimama mpaka 1946, mwaka mmoja kabla ya kufa.

Sasa swali lako la vitabu 50. Ni kweli vinakaribia idadi hiyo na ni kweli vinafanana, lakini ili uelewe kwa nini vilinunuliwa lazima ujue kilichokuwepo kabla. Hadithi za shule za wasichana zilikuwepo, kuna L. T. Meade wa Ireland aliandika A World of Girls mwaka 1886 na ilisomwa sana, lakini nyingi za zama zile ni mawaidha, msichana anakosea, anaugua homa karibu kufa, anatubu kitandani, wote wanalia. Mtu mzima amekaa juu anamuelekezea mtoto kidole. Angela Brazil akaja kukaa chini bwenini na wasichana wenyewe. Kwenye vitabu vyake walimu wapo lakini kama kivuli, shughuli yote ni ya wanafunzi, nani monita, nani kaachwa kwenye timu ya hoki, nani hazungumzi na nani, siri ya nani imevuja. Na wanaongea lugha yao ya mitaani ya wakati ule, sio lugha ya insha.

Na hapo ndipo walimu walipomchukia. Mwaka 1936 mkuu wa shule moja kubwa ya wasichana London aliwaambia wanafunzi kwenye sala ya asubuhi kwamba angependa kuvikusanya vyote avichome moto. Mimi kama mwalimu naielewa hasira yake, na kama msomaji naona aliukosa mwendo, maana ukitaka kitabu kisomwe na watoto wa shule kitangazie moto.

BintiMuheza

Jamani MamaNasra umenikumbusha mbali!! Mie nimesoma bweni, shule moja milimani huko siitaji, baridi ya kukata masikio, na kitabu hicho hicho cha Nicest Girl kilikuwepo bwenini kwetu, hakina jalada, kurasa za mwanzo hamna, tulikuwa tunakisoma kwa zamu na tochi chini ya blanketi, zamu yako ukikutwa na matroni umekula hasara ya bweni zima. Kwaiyo jina la mwandishi mie nimelijua ukubwani, sisi tulikiita kitabu cha Patty basi.

Mwambie baba Nasra asiogope biskuti. Hadithi yenyewe ukiitoa hiyo Uingereza ni ya hapa hapa Tanga, sijui kama mmeisoma vizuri. Patty ni mtoto wa daktari, nyumba imejaa watoto na hela ya kubana bana, binamu yake Muriel ni wa kwao tajiri na kadekezwa, sasa baba yake Muriel anajitolea kumlipia Patty ada waende wote shule nzuri ya bweni ili mwanawe awe na mwenzie. Patty anafurahi anafikiri huko ndugu yake atamshika mkono. Anafika, Muriel anajifanya hamjui. Yupo na marafiki zake wa maana, huyu ndugu mwenye nguo za kawaida anamtia aibu.

Nani humu hajaliona hilo? Mie nimesomeshwa na mjomba, niliwekwa shule moja na binti yake, tumepakiwa gari moja matranka yetu mawili, lake jipya linang'aa langu la marehemu bibi limepigwa rangi ya bluu juu ya kutu, tunafika getini kaniambia kabisa usiseme kama sisi ndugu. Form one nzima yeye na kundi lake mie na njuka wenzangu. Na huwezi kusema nyumbani, utasemaje, ada inatoka kwa baba yake! Unakaa na donge lako. Likizo mnarudi mnakaa meza moja mnapakuliwa sahani moja mnacheka mbele ya wazazi. Nilipofika kwenye Patty nilikuwa nasoma mpaka nashindwa kumeza mate.

Na Patty hamsemi Muriel. Ndo hilo swali la Nasra. Anabanwa kwa mambo ambayo yeye hakuyafanya na bado hafungui mdomo. Mie kwa kweli nilikuwa naona Patty mjinga, ningekuwa mie ningesema siku ya kwanza, lakini sikusema hahaha.

Mkonge_Damu

Nitapingana kidogo na mwalimu kwa heshima zote. Baba Nasra ana hoja. Hivi vitabu ni vya tabaka fulani la Uingereza, shule za kulipia, watumishi wapo jikoni hawana majina, mtoto maskini akitokea mwishoni inagundulika ana ndugu tajiri au urithi uliopotea. Na Milki ya Waingereza ipo nyuma ya kila ukurasa kama hewa, hawaijadili maana hawaioni.

Angalieni vile vya Vita ya Kwanza ya Dunia. A Patriotic Schoolgirl, 1918. Marjorie na mdogo wake wapo shule, kaka zao wapo vitani, wasichana wanahangaika kila mmoja atoe mchango kwa taifa, na Marjorie anaona jasusi kila kona. Kiko vizuri kusoma sikatai, nilikimaliza. Lakini mie nikisoma kama mtu wa Tanga najiuliza hiyo vita tunayoambiwa ni ya kaka wa Marjorie, hapa kwetu ilikuwaje? Novemba 1914 meli za Waingereza zimetia nanga hapa, wanajeshi kama 8,000 wengi wao kutoka India wameshushwa Raskazone, hapo hapo anapokaa mwalimu wetu, wakapigwa na kikosi cha Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck cha watu kama 1,000 hivi na wengi wao askari weusi, na nyuki nao wakaingia kati wakauma pande zote. Siku chache tu Waingereza wamerudi melini wameacha silaha na maiti. Makaburi yapo mpaka leo tunayapita na baiskeli. Hakuna msichana wa bweni kwenye vitabu vile aliyewahi kuisikia Tanga, na walioburuta mizigo ya vita hiyo ni babu zetu.

Sisemi mtoto asisome. Nasema asisome peke yake, na mzazi awe anamuuliza huyu anayeosha sahani kwenye hiki kitabu anaitwa nani.

Chuda_Boy

Nyuki wa Tanga hawana timu mzee, unaumwa kwanza unajitambulisha baadae 😂

MwalimuMstaafu_Raskazone

Mkonge, sikupingi kwenye tabaka na milki, ni kweli na imeandikwa waziwazi. Ila nakuongezea upande mmoja ambao umeuruka. Hawa wasichana anaowaandika, shule yenyewe ya namna hii ilikuwa jambo jipya kwao. Chuo Kikuu cha London kimefungua digrii kwa wanawake mwaka 1878, Angela ana miaka 9. Kampuni ya kuanzisha shule za kutwa za wasichana imeundwa 1872. Kwa hiyo kizazi kinachonunua vitabu vyake kuanzia 1906 ni kizazi ambacho mama zao wengi wamefundishwa nyumbani kupiga piano na kudarizi, sasa wao wana maabara, wana mitihani, wana uwanja wa michezo, wanakimbia kwa miguu yao na hakuna anayewaambia wakae vizuri. Furaha yote ile ya hoki ndio hiyo.

Chukua The Luckiest Girl in the School ya 1916. Winona anakwenda shule ya mjini kwa nafasi ya ufadhili, darasani anahema, lakini anaishia kapteni wa michezo, na nje vita inaendelea. Msichana kuwa kapteni, kupanga timu, kuandika barua kwa shule nyingine kuomba mechi, kubeba lawama wakifungwa, hayo ni mambo ambayo kwenye hadithi za zamani alikuwa anayafanya mvulana tu, tangu Tom Brown's School Days ya 1857.

Na wasomaji wake wengi hawakuwa na shule hizo. Walikuwa watoto wa shule za kawaida, wengine wanakaribia kuanza kazi, wanasoma bweni kama ndoto. Ile karatasi ya zawadi ndani ya jalada la kitabu cha Nasra inaeleza kitu. Wachapishaji wake, Blackie & Son, walikuwa wanatoa vitabu vya namna hiyo vya kugawiwa zawadi shuleni na kwenye madarasa ya dini ya Jumapili, jalada gumu, picha chache, bei nafuu. Hiki cha Nasra peke yake kiliuza nakala zaidi ya 150,000. Hiki kilichofika Mgandini nadhani, nasema nadhani, kimetoka kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge, walipoondoka walikuwa wanaacha makabati yamejaa.

DuniaYaVitabu

Mie nauza vitabu vya mtumba ila sio huyo mzee wa Mgandini. Buku mbili kwa Blackie la jalada gumu mmempata mzee hajui anachouza, msimrudie kumwambia.

Kwa upande wa kuvipata, msihangaike na hawa wanaouza PDF kwenye magrupu elfu tano tano, ni wizi mtupu maana vya bure vipo. Mwandishi kafa 1947, sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda miaka 50 baada ya kufa, huko kwao Uingereza ni miaka 70 nayo imeisha, toka 2018 vipo huru. Ingia Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, tafuta jina lake, vile vya zamani vingi vipo, unapakua faili la EPUB unasoma kwenye simu bila bando tena. Vile vya miaka ya 30 na 40 ndo vigumu kuvipata huko.

Ila kama mtoto anasoma kwa ajili ya mtihani chunga kidogo, Kiingereza ni cha zamani na misemo ya wasichana wa 1910, akiipeleka kwenye insha mwalimu atamuandikia alama nyekundu asijue katoa wapi.

MamaNasra

Asanteni sana wote, mwalimu shikamoo, sikusalimia mwanzo. Nimemsomea baba Nasra ile ya Mkonge kasema huyo mtu ana akili, nikamsomea na ya BintiMuheza akanyamaza, maana na sie tuna mtoto wa kaka yake hapa nyumbani anasoma na Nasra darasa moja. Haya.

Sasa habari mpya. Shangazi kampakulia vingine viwili kwenye simu, The School by the Sea wa 1914 na kingine kinaitwa A Popular Schoolgirl. Nikajua sasa ndo nimekwisha, mtoto simuoni tena mpaka shule ifunguliwe. Weee, The School by the Sea kakimaliza kwa kuwa kina bahari na kuna msichana mgeni anashukiwa ana siri, ila hiki kingine kafika katikati kakiweka. Namuuliza vipi, ananiambia mama naijua inavyoisha. Kanitajia na mwisho wake kabla hajaufika, kaenda kuangalia kurasa za nyuma eti yuko karibu karibu. Kwaiyo mwalimu, si ndo nilichouliza mwanzo? Vitabu 50 hivyo ni kimoja kimebadilishwa majina?

MwalimuMstaafu_Raskazone

Marahaba mama. Nasra ni msomaji, huyo usimhofie.

Jibu langu la kweli, ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Mgeni anafika, hakubaliki, kuna msichana mwenye wivu, kuna jambo limeibiwa au limevunjwa na lawama inamwangukia asiyehusika, kuna matembezi ya porini na maua mengi sana, maana Angela alikuwa mpenzi wa mimea na hakuna kitabu anachokuacha uondoke bila kukutajia majina ya maua ya kando ya njia, halafu kuna ajali, mtu anaokolewa, siri inafichuka, mgeni anapendwa. Wahusika wa pembeni amewachora vizuri kuliko mashujaa wake, kuna watoto wa vidato vya chini wanabishana kwenye korido kurasa mbili tu na unawasikia kabisa, kisha shujaa anarudi anakuwa mwema na unachoka. Mimi nikimpima kama mwandishi nampa kazi ya kufungua mlango. Vizuri zaidi viliandikwa na waliopita mlango huo baada yake.

Na tatizo lake moja ambalo Nasra ameligusa bila kulijua, karibu kila kitabu anaanza shule mpya na watu wapya. Huwaoni wakikua. Waliomfuata ndio walioshika hilo. Elinor Brent-Dyer alianza 1925 na The School at the Chalet, shule iliyokuwa milima ya Austria, akaendelea nayo hiyo hiyo kwa vitabu karibu 60, wale wasichana wa mwanzo wanakuwa wakubwa wanaolewa wanaleta watoto wao hapo hapo. Na vita ya pili ilipokuja akaihamisha shule kwenye hadithi kwa sababu ya Wanazi, The Chalet School in Exile ya 1940. Pale ndipo utamwambia Mkonge kwamba dunia ya nje imeingia bwenini kweli, kuna Myahudi anafukuzwa mitaani na wasichana wanaona kwa macho yao.

BintiMuheza

Mwalimu na Malory Towers umeisahau! Ile ya Enid Blyton, vitabu sita, 1946 mpaka 1951, unaanza na Darrell anaingia shule na unaishia anamaliza, na Darrell ana hasira jamani, anampiga mwenzie kofi kitabu cha kwanza tu. Hapo hakuna Patty wa kukaa kimya. Nasra atapenda huko, sherehe za saa sita usiku zipo tele, ufukweni kuna bwawa la kuogelea limechimbwa kwenye miamba, maji ya bahari yanajaa na kutoka.

Mie ninavyo vya kwanza vitatu, wanangu wamevimaliza vimekaa tu. Kama MamaNasra hujali naweza kukupa kwa konda wa gari ya asubuhi ya Muheza, unavipokea stendi ya Kange, ila virudi, na mtoto asiandike kwa kalamu ndani.

Mkonge_Damu

Blyton nae ana mambo yake, kuna wazungu wa Ufaransa anawafanya vichekesho kila wakitokea. Lakini sawa, kofi la Darrell nalikubali.

Mwalimu hiyo ya Chalet ya 1940 iko Gutenberg?

DuniaYaVitabu

Hapana mkuu, Brent-Dyer kafa 1969, kwao bado ina mwenyewe. Hapa kwetu kwa hesabu ya miaka 50 imetoka, ila mtandaoni sijaiona safi. Mtumba ukipita nakuwekea, nitumie ujumbe sanduku la ndani.

MamaNasra

BintiMuheza Mungu akubariki mwaya, virudi kama vilivyo nakuahidi, nitavifunika na magazeti kabisa. Nipe tu siku na namba ya gari, Kange nipo kila Jumatano napokea mzigo wa dagaa. Na kalamu ntamnyang'anya mie mwenyewe.

Chuda_Boy

Vitabu na dagaa mfuko mmoja? Haya BintiMuheza umeonywa 😂